Mtoto Anapotaka Kusomea Uhifadhi wa Mazingira: Maelezo kwa Wazazi wa Visiwani



Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wazazi hutuletea suala ambalo maneno yake hutofautiana lakini maana ni moja. Kijana hakupata alama za kumpeleka kidato cha tano, au amezipata lakini hataki kwenda huko. Amechagua chuo cha kati, na fani aliyoichagua ni uhifadhi wa mazingira. Baba anauliza hiyo ni elimu gani. Mama anauliza atakula nini. Bibi anashangaa kwamba siku hizi mtu hupewa cheti kwa kupanda mikoko, kazi aliyoifanya yeye miaka yote bila ya cheti. Na babu, ambaye kwake neno "chuo" ni pale alipohitimu Juzuu Amma, anataka kujua kama ndani yake mna thawabu.

Masuala yote manne ni ya haki, na tutayajibu. Lakini tunaanzia Kisiwa Panza.

Mwezi wa Machi 2024 watu tisa walifariki dunia katika kisiwa hicho kidogo cha Wilaya ya Mkoani, kusini mwa Pemba, baada ya kula nyama ya kasa. Wanane kati yao walikuwa watoto. Wengine 78 walilazwa hospitali. Haikuwa mara ya kwanza: Novemba 2021 watu saba walifariki Pemba kwa sababu hiyo hiyo. Tunawaombea marehemu rehma na wazazi wao subira, wala hatulitaji jambo hili kumlaumu mtu. Wazee wetu wa mwambao wamekula kasa karne na karne, wakagawiana na majirani, na mara nyingi hakuna aliyedhurika. Hatari imejificha hapo hapo, katika hizo mara nyingi.

Sumu inayokuwemo katika nyama ya baadhi ya kasa haionekani kwa macho. Kasa mwenyewe huwa mzima, anaogelea vizuri, na nyama yake haina harufu wala rangi ya kutia shaka. Wataalamu wanaona kuwa chanzo ni vile anavyovila baharini, ikiwemo mimea midogo sana ya majini, na sumu hiyo hukusanyika mwilini mwake bila ya kumuua. Ng'amba ndiye anayetajwa zaidi, lakini kasa wengine nao wamo. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Kukaanga hakuiondoi, na ndimu na pilipili ni kazi bure. Hakuna dawa maalumu ya kuivunja. Hospitali humsaidia mgonjwa asikaukiwe maji na aendelee kuvuta pumzi mpaka mwili wake ujinusuru kwa idhini ya Allah. Watoto ndio wanaodhurika zaidi, na imepata kutokea mtoto mchanga kudhurika kupitia maziwa ya mama aliyekula nyama hiyo.

Sasa tazameni namna masuala mawili yanavyokutana hapa. Wanazuoni wa madhhab yetu ya Shafii wamekhitalifiana juu ya kasa. Wapo waliomharamisha kwa kuwa anaishi baharini na nchi kavu, na wapo waliomuingiza katika uhalali wa viumbe vya baharini. Lakini khitilafu hiyo ni juu ya kasa kama kiumbe. Kitu kilichothibiti kuwa kinaua hakuna anayekihalalisha: Aya ya 195 ya Suratul Baqara inatukataza kujitia maangamizini kwa mikono yetu, na Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Ibn Majah inakataza kudhuru na kulipana madhara. Faqihi anaijua kanuni hiyo vizuri kuliko mtu yeyote. Asichoweza kukijua kwa vitabu vyake ni kama kasa aliyeletwa dikoni asubuhi hii ana sumu, kwa nini hupikwi ukaondoka, na dalili za mwanzo kwa mtoto ni zipi. Hayo humuuliza mtu aliyeisomea bahari. Mtu huyo asipokuwepo kijijini, kanuni inabaki kitabuni na watu wanaendelea kula. (Tukumbushane pia kwamba sheria za uvuvi zinakataza kumvua kasa, mtu asisubiri kuthibitisha sumu ndipo aache.)

Mtume (S.A.W.) ametuwekea msingi wa jambo hili katika kisa kilichopokewa na Muslim cha watu wa Madina waliokuwa wakipandikiza mbegu za mitende. Aliwaambia jambo kwa rai yake, wakaacha kupandikiza, mavuno yakapungua, naye akawabainishia kuwa mambo ya dunia yao wao wanayajua zaidi. Wahyi unatufundisha halali na haramu na makusudio ya maisha yetu. Mtende unazaaje, maji yanapita wapi chini ya ardhi na samaki anataga lini, Allah ametuachia tuyatafute kwa kuyachunguza.

Na Imam Ghazali katika Ihyaa ameyaweka matibabu, hesabu na kilimo katika fardhi kifaya: elimu ambazo mji ukikosa mtu wa kuzisimamia, watu wote wa mji huo hupata dhambi, na akipatikana wa kutosheleza, wengine wanasalimika. Alisikitika kuona mji mzima hauna tabibu Muislamu huku vijana wote wakikimbilia fani moja yenye heshima na vyeo. Tukiyaangalia ya kwetu leo, haituwii vigumu kuona upungufu uko wapi. Tunao vijana wengi wa biashara na wa kompyuta, na hilo ni jema. Wa kutuambia kwa nini kisima cha shehia kimeanza kuwa na chumvi, au kwa nini bonde la mpunga limeingiwa na maji ya bahari, ni wachache mno, na mara nyingi hutoka mbali, hukaa wiki mbili, huandika ripoti kwa lugha ambayo sheha haisomi, kisha huondoka. Rai yetu ni kwamba elimu hii kwa watu wa visiwani imeingia katika fardhi kifaya. Kwa hiyo jawabu la babu ni ndiyo, zimo thawabu, akisahihisha nia.

Kinachosomwa chuoni

Wazazi wengi hudhani ni kupanda miti na kuokota taka ufukweni. Hayo yamo, lakini ni sehemu ndogo.

Mwanafunzi huanza na viumbe na namna vinavyotegemeana: mkoko unavyomlea mtoto wa samaki, matumbawe yanavyovunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika pwani, popo anavyosambaza mbegu za msituni. Husoma udongo na maji. Kwa mtoto wa Unguja somo la maji peke yake linatosha kuhalalisha ada. Hatuna mito mikubwa. Tunakunywa mvua iliyozama ardhini na kuhifadhiwa chini. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini ni mawe ya matumbawe ya kale, yamejaa nyufa na mapango, kwa hiyo kinachomwagwa juu hufika kwenye maji haraka, bila ya kuchujwa na udongo. Shimo la choo likichimbwa karibu na kisima, au hoteli ikivuta maji kupita kiasi karibu na pwani, matokeo yake hayahitaji miaka mingi kuonekana. Maji matamu yaliyo chini ya kisiwa huelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Ukiyavuta sana, ya chumvi hupanda na kuchukua nafasi. Jambo hilo ukishalifahamu hutakitazama kisima kama ulivyokuwa ukikitazama.

Hapo ndipo mtoto aliyelelewa madrasa hugundua kuwa alishasoma utangulizi wa somo lake. Mtume (S.A.W.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na katika Hadithi aliyoipokea Abu Daud ametahadharisha mahali patatu panapomletea mtu laana akijisaidia hapo: penye maji watu wanayoyaendea, njiani, na kivulini. Chuo humfundisha kupima kinachotokea katika maji hayo na kukiandika kwa nambari.

Kisha kuna kuchora ramani, kutumia vifaa vya kujua mahali kwa setilaiti, takwimu, udhibiti wa taka, tathmini ya athari za mazingira kabla ya mradi kujengwa, na sheria. Juu ya sheria tuna neno moja kwa wanaopeleka watoto Bara. Mazingira si jambo la Muungano. Bara wana sheria yao ya 2004 na baraza lao, NEMC. Zanzibar ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2015, na mamlaka yake ni ZEMA. Mtoto aliyesoma Arusha au Bagamoyo akarudi bila ya kuifungua sheria ya kwao atapata tabu siku ya usaili. Aitafute mwenyewe, asingojee mwalimu.

Jambo la mwisho ni mafunzo kwa vitendo, na kwa kweli fani hii haisomeki darasani. Atakwenda Jozani kuhesabu kima punju, atakwenda mikokoni na viatu vya mpira, atakwenda miambani wakati wa bamvua. Mvuvi mzee atamfundisha mambo ambayo mwalimu hakuyataja, kwa mfano kwamba kwa mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hutoka sana. Mtoto anayefuata tarehe za Hijria tayari anajua ni siku zipi.

Wenzetu waliotangulia

Mfano ambao vyuo vya nchi nyingi huusoma umetoka hapa hapa kwetu, na watoto wetu wengi hawaujui. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, ni dago la wavuvi tangu zamani. Wenyeji husimulia kuwa Nabii Khidhr alifika hapo akaomba msala wa kuswalia, ukakosekana, akasema kisiwa chenyewe kilivyoelekea kibla ni mithili ya msala; ndipo kikaitwa Misali. Kisa hiki ni cha wenyeji, si Hadithi, lakini kinaonesha kisiwa hicho kina daraja gani katika nyoyo za watu. Wavuvi walilikataa wazo la kukikodisha kwa watalii, na mwaka 1998 Serikali ilikitangaza kuwa eneo la hifadhi.

Hata hivyo tangazo peke yake halikumzuia kila mwenye baruti. Kilichosaidia ni pale masheikh, wavuvi na wataalamu wa mazingira walipokaa pamoja, taasisi ya Kiislamu ya elimu ya mazingira kutoka Uingereza, IFEES, ikishirikiana na watu wa hapa, na mafunzo ya Qur'ani juu ya viumbe na ukhalifa wa mwanadamu yakapelekwa misikitini na madrasa. Mvuvi aliyekuwa akimkwepa bwana samaki alielezwa kuwa baruti inaua mayai, watoto wa samaki na nyumba yao kwa pamoja, na kwamba huo ni ufisadi katika ardhi na dhulma kwa wavuvi wenzake. Mwaka 2005 Misali iliingizwa katika eneo kubwa zaidi la hifadhi ya Mkondo wa Pemba. Sisi tunasisitiza kilichofanya kazi hapo: sheikh peke yake hakutosha, mtaalamu peke yake hakutosha. Kijana mmoja akiwa na vyote viwili, hata kwa kiasi kidogo, ni faida kubwa kwa shehia yake.

Vivyo hivyo kwa pweza. Kisiwa Panza, hicho hicho tulichokitaja kwa msiba, ni miongoni mwa mahali pa mwanzo Pemba ambapo wananchi wenyewe walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, pasichokolewe pweza. Hesabu yake ni nyepesi. Pweza wa miambani kwetu haishi muda mrefu, takriban mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na katika muda huo hukua kwa kasi ya ajabu. Jike hutaga mara moja tu, hulinda mayai yake mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Ukimchokoa akiwa mdogo umepata kitoweo cha siku moja. Ukimuacha miezi mitatu amekuwa mzito mara kadhaa, na pengine amekwisha kutaga. Tabu iko kwenye kushika ahadi usiku ambapo hakuna anayekuona, na kwenye kuhesabu na kupima siku ya kufungua ili watu waone kwa macho yao kwamba subira imelipa. Kazi ya kupima, kuandika na kuwarudishia wananchi matokeo ndiyo anayofundishwa mwanafunzi wa stashahada.

Wala kufunga sehemu kwa muda si jambo lililoletwa na wageni. Mtume (S.A.W.) aliifanya Madina kuwa haram, miti yake isikatwe na wanyama wake wasiwindwe, na alilihifadhi bonde la Naqii kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Eneo la namna hiyo kwa Kiarabu huitwa hima. Kwa nasibu nzuri, mradi wa misitu ya jamii ulioendeshwa Unguja na Pemba kuanzia 2010 uliitwa HIMA, kwa ufupisho wa Hifadhi ya Misitu ya Asili.

Kuingia chuoni

Hapa tutakuwa wakali kidogo, kwa sababu kila mwaka watoto hukwama kwa jambo ambalo lingelijulikana mapema. Sharti la kawaida la kuingia ngazi ya cheti katika vyuo vilivyo chini ya NACTVET ni kufaulu angalau masomo manne katika mtihani wa kidato cha nne, na masomo ya dini hayahesabiwi katika manne hayo. Mtoto mwenye ufaulu wa masomo manne, moja likiwa Elimu ya Dini ya Kiislamu, mbele ya sharti hili ana matatu. Hatusemi mtoto aache somo la dini. Tunasema asilifanye tegemeo la kuingilia chuo. Kwa fani za mazingira, misitu na uvuvi vyuo vingi hutazama pia Biolojia, Kemia na Jiografia. Mzazi mwenye mtoto wa kidato cha pili ndiye anayefaa kuisoma aya hii mara mbili.

Anayeanza na cheti huchukua mwaka mmoja kwa kila ngazi, ya nne, ya tano na ya sita, na akimaliza ya sita ana stashahada. Mwenye cheti cha kidato cha sita, akitimiza sharti lake, huruka ngazi ya mwanzo. Stashahada si mwisho wa njia: kwa wastani usiopungua 3.0 mlango wa shahada huwa wazi. Tunalisema hili kwa sababu wako wazazi wanaokiona chuo cha kati kama mahali pa walioshindwa, na maneno hayo mtoto huyasikia nyumbani kabla hajayasikia kwa jirani.

Kuhusu chuo gani: hapa nyumbani kuna SUZA, na kwa kilimo iko kampasi ya Kizimbani. Bara kuna Mbegani, Bagamoyo, kwa uvuvi. Olmotonyi, Arusha, kwa misitu. Na Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro, kinachofundisha usimamizi wa wanyamapori tangu 1963. Kozi na ada hubadilika, basi waulizeni wenyewe, na kabla ya kulipa senti moja hakikisheni kuwa chuo kimesajiliwa na kozi yenyewe imesajiliwa. Chuo kinaweza kuwa na usajili na kozi isiwe nao.

Swala, safari na mabinti

Mwanafunzi aliye kambini ataulizia kukusanya na kupunguza swala. Kwa madhhab ya Shafii safari inayoruhusu kupunguza ni ya takriban kilomita 80 au zaidi. Kutoka Mjini hadi Jozani haifiki 40, kwa hiyo anaswali kamili na kwa wakati wake. Akisafiri masafa yanayotosha lakini amekusudia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila ya kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, amekuwa mkaazi tangu anapofika na rukhsa imeondoka. Kambi nyingi za mafunzo ni za wiki na zaidi, basi asijidanganye. Kwa udhu, maji ya bahari ni twahara na yanatwaharisha kwa Hadithi iliyo wazi. Chumvi yake haina neno. Kwa bahati, siku za bamvua maji hutoka kabla ya adhuhuri, na anayefanya kazi mwambani ana nafasi ya kurudi pwani akaswali kwa utulivu. Akigusa samaki aliyekufa, huyo ni twahara. Mzoga wa kima au panya ni najsi: aoshe mikono na kilichomrukia nguoni.

Kuhusu mabinti, tumeona wazazi wakikataa moja kwa moja, na tumeona wengine wakiruhusu bila ya kuuliza chochote. Njia zote mbili hazituridhishi. Hadithi za kumkataza mwanamke kusafiri bila ya mahram ni sahihi, zimo katika Bukhari na Muslim, na haifai kuzipitia juu juu kwa hoja ya kuwa zama zimebadilika. Basi mzazi atangulize chuo kilicho kisiwani kwake, ambapo binti hulala kwao. Ikiwa hakuna budi Bara, mahram amsindikize, dakhalia iwe ya wasichana na inayosimamiwa, na hali hiyo aielezwe sheikh anayeijua familia, kwani wanazuoni wana maelezo marefu juu ya wanawake waaminifu wanaosafiri pamoja. Mafunzo ya baharini yaulizwe kabla ya kujisajili: watakwenda wangapi, na nani, wakivaa nini. Kuogelea kwa sitara kunawezekana. Nungwi kuna wasichana waliofundishwa kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kusitiri mwili mzima. Chuo kinachokasirika kwa kuulizwa masuala hayo kimekwisha kumjibu mzazi.

Na tusisahau ni nani aliyeko baharini kila siku. Wakulima wa mwani, zao lililoanza kulimwa Zanzibar mwaka 1989, sehemu kubwa ni mama zetu. Maji yanapopata joto mwani hubadilika rangi, hulainika na kukatika, hasara ikabaki kwao. Mtaalamu wa kike atakaa nao majini, atasikiliza na kuonwa ni mwana wa nyumbani, jambo ambalo mwanamme hatalipata.

Atakula nini

Hatutawadanganya. Nafasi za Serikali katika misitu, uvuvi, ZEMA na manispaa zipo lakini si nyingi, na kazi za miradi huja na mfadhili na kuondoka naye. Anayeingia fani hii akitegemea ofisi na kiti cha kuzunguka atasubiri sana. Anayejua pia kuongoza watalii, kufuga nyuki, kuotesha miche, kutengeneza mboji au kusimamia taka za hoteli hujipatia riziki mapema. Tunawashauri wazazi wamhimize mtoto achukue ufundi mmoja wa mkono pamoja na cheti.

Akiipata kazi, mtihani wake mkubwa hauko kwenye elimu. Siku moja atapewa ripoti ya tathmini ya mradi aitie saini, naye ameona kwa macho kuwa mahali hapo pana chemchemi wanayoitegemea watu wa kijiji, na ripoti haikuitaja. Kutia saini hapo ni ushahidi wa uongo. Kunyamaza nako ni kuficha ushahidi, na Aya ya 283 ya Suratul Baqara imemtaja mwenye kuuficha kuwa moyo wake una dhambi. Siku nyengine atakamata juya lililokatazwa na jioni ataletewa ndoo ya samaki nyumbani, "zawadi tu, mwanangu". Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu kukusanya Zaka, akarudi na kusema hiki chenu na hiki nimezawadiwa, akapanda mimbari kwa kulikemea jambo hilo, akauliza kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa babake au mamake angeletewa zawadi hiyo. Bukhari na Muslim wameipokea. Mzazi akimsomesha mwanawe Hadithi hii kabla hajavaa sare, amemsaidia zaidi ya kumlipia ada.

Lipo pia suala la anayeajiriwa kusimamia mazingira katika hoteli inayouza pombe. Kazi yenyewe, ya kusafisha maji machafu, kupunguza taka na kulinda ufukwe, ni halali, na manufaa yake yanawafikia wanakijiji. Asibebe pombe, asiiuze, asiiagize wala asiihesabu stoo, na mkataba wake ulitaje hilo tangu mwanzo ili asije akalazimishwa msimu wa wageni wengi. Wapo wanazuoni wanaolichukia hata hilo kwa sababu ya mahali penyewe, na akipata pengine panapomtosha basi ahamie huko. Ama ikiwa sehemu ya kazi yake ni kusimamia baa au stoo ya vinywaji, hata kwa jina la mazingira, hiyo aikatae.

Wallahu a'lam.